Tuliogopa Simba, Tukaumwa na Mbung'o

Watu wengi wa Kisumu walionifahamu wakati ule wanakumbuka jambo moja tu kunihusu: kwamba Mwalimu Dorina alicheka kwenye mazishi ya Peres. Wengine walikuwapo wakasikia kwa masikio yao, na wengine walisimuliwa sokoni. Sikatai. Nilicheka, tena kwa sauti, jeneza likiwa limeshushwa nusu, na mume wangu alilazimika kuniziba mdomo kwa kiganja chake mbele ya mchungaji. Ninaandika ili mtu ajue kilichonifikisha hapo, na hasa kwa ajili ya yule anayejiandaa kwenda kutembezwa nchi nyingine, au aliyerudi juzi na homa isiyosikia dawa. Asipite nilipopita mimi.

Peres na mimi tulisoma chuo kimoja cha ualimu, vitanda vyetu vikiwa vimegusana. Tulipomaliza, mimi nilipangiwa shule mjini Kisumu, nikaolewa na Okelo, karani wa bandarini. Yeye alipata shule Ahero, akaolewa na Ogola, mkulima wa mpunga, akiwa mke wa pili. Mke wa kwanza wa Ogola aliitwa Awino. Peres alielewana naye vizuri. Wakati wa kuvuna, Awino ndiye aliyebaki na watoto wa wote wawili.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Walimu wa eneo letu walikata shauri kwamba likizo ya Agosti tutavuka ziwa kwenda Tanzania kuona wanyama. Wazungu walikuwa wakija kutoka kwao kuwaona simba, na sisi tuliozaliwa huku tulikuwa tumewaona kwenye vitabu vya darasa la tatu tu. Sisi wanawake tulishonesha sare, sketi na blauzi za rangi ya buluu nzito, ili tusipotezane. Tulipanda meli Kisumu tukiimba, na Okelo alisimama gatini akiwa amembeba mtoto wetu wa mwisho mabegani, akipunga mkono mpaka nikashindwa kumtofautisha na watu wengine.

Musoma tulipokewa na kijana aliyeitwa Masatu, ambaye ndiye angekuwa dereva na kiongozi wetu. Alikuwa na lori lililofungwa mabenchi na kufunikwa turubai. Kabla hatujaondoka alitusimamisha kwenye mstari kama wanafunzi, akatupa sheria zake. Hakuna kushuka mpaka aseme. Hakuna kutoa mkono nje. Hakuna kurusha chakula, hata ganda la ndizi. Mwalimu mkuu mmoja, mtu mzima mwenye mvi, alishuka kidogo kujisaidia bila ruhusa, na Masatu alimkemea mpaka tukaona aibu kwa niaba yake. Tulimpenda kwa ukali ule. Tulijua tuko mikononi mwa mtu anayejua kazi.

Kinachonishtua mpaka leo ni jinsi safari ile ilivyokuwa nzuri. Tuliwaona simba wamelala kivulini kama wazee waliokula wakashiba. Tuliona nyumbu wengi kuliko ng'ombe wote niliowahi kuona maishani. Peres alilia kwa furaha, akasema akirudi atawafundisha watoto wake somo la wanyama bila kufungua kitabu.

Siku ya mwisho tuliingia kwenye vichaka karibu na mto kuwaona viboko. Masatu alikunja turubai juu ili tuone vizuri. Peres na mimi tulikuwa tumekaa nyuma kabisa. Hapo ndipo nzi walipoingia. Walikuwa wakubwa, rangi ya majivu, wanalifuata lori kama mbwa wanavyofuata baiskeli. Walituuma kupitia nguo. Ukimpiga mmoja anaanguka, kisha anainuka na kuruka tena. Halafu gari lilizama kwenye mchanga wa mto, na tukabaki hapo karibu mchana wote, wanaume wakisukuma, sisi tukijipiga mapajani na shingoni. Nilimwuliza Masatu ni nzi gani hawa.

"Ni mbung'o tu, Mwalimu," alisema, huku akipangusa jasho. "Wanauma lakini hawana neno. Wa kuogopa huku ni simba."

Tulicheka, tukaendelea kujipiga.

Muhula ulipoanza niliona uvimbe nyuma ya shingo, mgumu na wa moto, unaouma nikigeuka. Nikadhani ni jipu. Ulikaa siku kadhaa, ukanywea wenyewe ukiacha alama nyeusi. Kisha ikaja homa. Kwa mtu wa Kisumu, homa haina maswali. Nilikwenda kwa daktari mmoja mwenye zahanati mjini, nikakaa kwenye benchi lake pamoja na akina mama waliobeba watoto wenye joto kama langu, nikachomwa sindano ya malaria. Homa ilishuka. Nikarudi darasani. Ikarudi. Nikarudi kwenye benchi. Ikawa hivyo mpaka yule msichana wa kupokea wagonjwa akawa hanipi tena salamu ya ugeni, ananiuliza tu habari za watoto. Siku zote hizo hakuna aliyeniuliza nilikotoka kabla ya kuugua, wala mimi sikuona sababu ya kusema. Safari ilikuwa furaha, na ugonjwa ulikuwa ugonjwa. Sikuviweka pamoja.

Mvua za vuli zilipoanza, mwili wangu haukuwa wangu tena. Uso ulivimba asubuhi, na miguu ikakonda mpaka soksi zikawa zinateremka. Hedhi ilikatika. Mama mkwe wangu, aliyeishi Katito, alipopata habari hiyo alifurahi, akatuletea samaki wa kukaushwa akiamini kuna mjukuu njiani. Hakukuwa na mjukuu. Kulikuwa na maumivu ya ajabu ambayo sijawahi kuyapata tena: nikigonga mguu kwenye dawati, hata kidogo, sisikii kitu mwanzoni, halafu baada ya muda mfupi maumivu yanakuja makali mpaka nakaa chini. Hata kuzungusha ufunguo mlangoni kuliniuma mkono mzima. Nikawa naacha mlango wazi.

Kisha usingizi. Nilianza kulala nikiwa nimesimama ubaoni, chaki mkononi. Siku moja nililala katikati ya sentensi, kichwa kikiegemea ubao, na darasa la tano lote likakaa kimya likinitazama hadi kiranja alipokimbia kumwita mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alininusa mdomo. Wiki hiyohiyo nikasikia kwamba Mwalimu Dorina anakunywa chang'aa. Nyumbani nililala na tonge mdomoni. Usiku ulipofika, usingizi wote ulikimbia, nikazunguka nyumbani nikisema peke yangu.

Yanayofuata niliambiwa, maana mimi nayakumbuka kama mtu anayetazama kupitia kioo chenye ukungu. Nilimpiga Achieng, binti yangu wa kwanza, kwa sababu kijiko kilimponyoka. Nilimpiga mtoto ambaye sikuwahi kumwinulia mkono, mpaka jirani akaja kumtoa mikononi mwangu. Nilimrushia Okelo sufuria ya uji. Nilimtukana mama mkwe mambo ambayo mwanamke wa kwetu hayatamki mbele ya mama mkwe hata akiwa na kisu shingoni. Mimi sikumbuki. Achieng anakumbuka.

Ndipo tukaletewa habari kwamba Peres amekufa. Tulikuwa tumesikia anaumwa, yuko kwao Ahero, anatibiwa malaria. Sasa tuliambiwa malaria ilimpanda kichwani, akawa hajui watu, akalala asiamke. Okelo hakutaka niende kwenye mazishi. Nilisimama mlangoni nimevaa viatu, nikamwambia Peres ni dada yangu. Akaona heri twende.

Uwanda wa Kano, ulipo Ahero, ulikuwa umejaa maji. Jeneza lilibebwa na wanaume waliokanyaga matope hadi magotini, na kaburi lenyewe lilikuwa likitoa maji chini, vijana wanayateka kwa karai. Ogola alikuwa amesimama na watoto wake. Nilitafuta huzuni ndani yangu, sikuiona. Hilo nalikumbuka wazi kuliko yote. Nilikuwa najua kwamba yule ni Peres, najua kwamba nampenda, na ndani mlikuwa mtupu kama chumba kilichohamwa. Karai likamponyoka kijana mmoja likaelea. Nikacheka. Nilipoanza sikuweza kuacha. Watu waligeuka wote. Mama mmoja alianguka chini akipiga mayowe kwamba mchawi amejitaja.

Lakini mchawi waliyekuwa wamemchagua hakuwa mimi. Mimi niliondolewa kama mwendawazimu. Siku hiyohiyo Ogola alimfukuza Awino na watoto wake, akisema amemloga mke mwenzake kwa wivu. Mimi sikujua habari hiyo kwa muda mrefu.

Tuliporudi Kisumu, mama mkwe alikuwa amekwisha kuzungumza na mganga mmoja wa Katito. Simlaumu. Alikuwa amemwona mkwe wake mwenye adabu akigeuka mnyama, na sindano za mjini hazikusaidia. Okelo alikuwa katikati, mama yake akimvuta huku na mimi nikimpigia kelele huku. Walikubaliana nipelekwe Katito. Asubuhi ya safari nikaanguka nje ya nyumba, mwili ukitetemeka, macho yamegeuka. Okelo hakuuliza mtu tena. Alinibeba mpaka hospitali kubwa.

Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Watu walikuwa wengi, wengine wamelala sakafuni. Nilijikojolea nikiwa nimekaa. Kando yangu alikuwa mwanamke nisiyemjua, mgonjwa vilevile. Alifungua leso yake kiunoni, akaisukuma taratibu chini yangu, akatazama mbele kana kwamba hakuna lililotokea. Okelo ndiye aliyenisimulia, na kila akisimulia hapo sauti yake inabadilika. Hatukumwona tena. Leso hiyo ninayo.

Daktari aliyetuona alikuwa kijana, macho mekundu kwa uchovu. Okelo alimweleza homa, usingizi, matusi, mazishi. Daktari alinipapasa shingoni, akaona ile alama nyeusi. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza.

"Kabla hajaanza kuumwa, alikuwa amesafiri?"

Okelo alijibu kwamba hapana, ila Agosti walimu walikwenda Tanzania kutembea, kuona wanyama.

Daktari aliacha kuandika. Alinitoboa kidole yeye mwenyewe, akaenda na damu yangu chumba cha pili. Alikaa huko. Aliporudi alimwita Okelo aje aangalie kwenye hadubini. Okelo anasema aliona vidude vya mviringo vimejaa, na katikati yake kitu chembamba kama kijinyoka, kinajipindapinda na kuvisukuma vile vidude. Kilikuwa hai. Kilikuwa kinacheza ndani ya damu ya mkewe.

"Huu ni malale, ugonjwa wa usingizi," daktari alimwambia. "Ameumwa na mbung'o. Sasa umefika kwenye ubongo, ndiyo maana unaona tabia hizo. Si wazimu, na si pombe. Walikuwa wangapi kwenye gari? Kuna mwingine anayeumwa?"

"Kuna mmoja," Okelo alisema.

"Mlete leo. Yuko wapi?"

"Tulimzika Jumamosi."

Okelo anasema daktari alikaa chini, akaiweka kalamu mezani.

Nilipelekwa hospitali ya ugonjwa huo, upande wa magharibi, mpakani. Walimu wote wa safari ile walitafutwa shuleni kwao na kupimwa damu. Wote walikuwa salama. Peres na mimi ndio tuliokaa nyuma, turubai limekunjwa, na nguo zetu za buluu nzito. Daktari wa huko alinieleza baadaye kwamba mbung'o hupenda rangi ya giza na hulifuata gari linalokwenda.

Nililazwa kwenye wodi ndefu yenye vitanda vya chuma. Kwanza walinipa dawa ya kusafisha damu. Kisha wakanikunja kama mtoto tumboni, wakanichoma sindano kwenye uti wa mgongo ili wapime maji yake. Kisha ikaja dawa yenyewe. Daktari alimwita Okelo na mama yake, akawaambia ukweli wote: dawa hii ina sumu ndani yake. Inaua mdudu, na mara nyingine inamuua mgonjwa. Bila dawa, mgonjwa anakufa kwa hakika. Mama mkwe wangu, yuleyule niliyemtukana, ndiye aliyejibu. Alisema, "Mchome. Mimi nitakaa naye."

Akakaa. Alitandika mkeka chini ya kitanda changu, akawa anaishi hapo, kutoka vuli mpaka kiangazi.

Dawa ile ilitiwa kwenye sindano ya kioo, maana wauguzi walisema ile ya plastiki inayeyuka. Ilipoingia mshipani, nilihisi kama mtu amenimiminia pilipili inayopanda mkono, inapita kifuani, inaingia kooni. Ikimwagika kidogo nje ya mshipa, mkono unavimba na ngozi inababuka. Tulichomwa siku kadhaa mfululizo, kisha tunapumzishwa, kisha tunaanza tena. Wodi nzima ilihesabu maisha hivyo. Hakuna aliyesema ni mwezi gani. Tulisema fulani yuko kwenye mapumziko ya kwanza, fulani amebakiza mzunguko mmoja.

Kitanda cha pili alikuwa Mama Nekesa, mwanamke wa hukohuko mpakani aliyekuwa na mzaha hata akitapika. Alinifundisha kuuma kona ya shuka wakati wa sindano, na akaniambia nywele zangu zinazokatika nisizilie, maana yeye za kwake zilikatika na mumewe alikuja akamwona mrembo zaidi. Alikuwa mbele yangu kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo nilimtazama yeye nijue yanayonisubiri. Alipomaliza sindano za mzunguko wa pili, alikula ugali, akasema kichwa kinauma. Mchana uleule alianza kutetemeka. Wauguzi walikuja mbio, wakaweka pazia. Nilisikia kitanda kikigonga ukuta, kisha kikaacha kugonga.

Walipoondoa pazia, kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Ilikuwa zamu yangu kuanza mzunguko wa pili. Muuguzi alipokuja na trei, nilikunja mikono chini ya mwili nikakataa. Akili yangu ilikuwa imeanza kurudi kiasi cha kuelewa. Nilimwambia mama mkwe waniache nife kwa usingizi, nife polepole, kuliko vile. Yeye hakubishana. Aliinuka kwenye mkeka, akapanda kitandani, akaketi nyuma yangu na kunipakata kama unavyompakata mtoto anayenyolewa.

"Dorina," alisema. Hakuwa amewahi kuniita jina. Siku zote aliniita Mama Achieng. "Nilikuwa nataka kukupeleka kwa mganga. Ningekuua. Okelo ananificha hilo, lakini nalijua. Sasa usinifanye nikuzike. Toa mkono."

Nilitoa mkono. Alinishika hadi dawa yote ikaisha.

Sikufa. Nilitapika, ngozi ya mikono ilibabuka ikaota mpya, miguu ilikufa ganzi mpaka nikajifunza upya kutembea nikishika vyuma vya vitanda. Krismasi ilipita wodini, wauguzi waliimba. Baada ya mzunguko wa mwisho, niliamka asubuhi moja nikiwa nimelala usiku mzima. Mama mkwe alikuwa anachemsha chai nje. Nikasikia wodini mtu akimtaja mgonjwa mwingine aliyeitwa Peres, mgeni aliyeingia jana. Nikaanza kulia. Nililia mpaka muuguzi akaja akidhani nimepata degedege. Sikuweza kumwelezea kwamba nimefurahi kulia. Rafiki yangu alikuwa amekufa tangu mvua za vuli, na ndiyo kwanza nilikuwa nimefika msibani.

Nilirudi Kisumu na mvua za masika. Achieng alinisalimia akiwa amesimama nyuma ya baba yake. Kwa muda mrefu, nikiinua mkono hata kuchukua kikombe, aliinamisha kichwa. Sikumlazimisha. Nilianza kumsuka nywele kila Jumapili, mkono wangu ukiwa bado dhaifu, na mistari ikawa inakwenda kombo. Aliivumilia. Siku moja alisinzia mapajani mwangu nikimsuka, na mimi nikakaa hivyohivyo, miguu imekufa ganzi, sikuthubutu kujongea.

Watu huniuliza kama nilimchukia Masatu. Mwalimu mmoja wa safari yetu alipita Musoma baadaye, akamtafuta, akamweleza. Anasema yule kijana alikaa chini palepale kando ya lori. Alijua kwamba mbung'o wa vichaka vile huleta malale. Kila mtu wa kule alijua. Mwenye magari aliyemwajiri alikuwa amewakataza madereva kutaja ugonjwa mbele ya wageni, wageni wasije wakaogopa. Simba walitajwa kwa sababu simba huwafurahisha wageni.

Kwa hiyo wewe unayekwenda, muulize kiongozi wako kuhusu vile vidogo. Muulize ni nzi gani wapo huko, maji gani hayaogwi, na watu wa kijiji cha karibu huugua nini. Akicheka, muulize tena. Vaa nguo za rangi hafifu, za mikono mirefu. Turubai lishushwe mkipita vichakani, hata kama mtakosa kumwona kiboko. Na ukirudi ukapata homa, neno la kwanza unalomwambia daktari liwe jina la mahali ulipokwenda. Asipouliza, mwambie. Akisema ni malaria tu, mwambie mara ya pili.

Habari ya Awino niliipata baada ya kurudi kazini. Mwalimu mmoja wa Ahero aliitaja kama habari ya kawaida: kwamba Ogola alimfukuza mchawi wake, na sasa mchawi anaishi kwa kaka yake upande wa Maseno. Nilimwomba arudie. Kisha nikaenda nyumbani, nikamwambia Okelo kwamba Jumamosi tunakwenda Ahero.

Tulimkuta Ogola akitengeneza mfereji wa shamba lake. Alitukaribisha kwa adabu, lakini hakunitazama usoni, maana kwake nilikuwa bado yule aliyecheka kaburini. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama matopeni. Alisikiliza mpaka mwisho, jembe mkononi.

"Dawa ilikuwepo?" aliuliza.

Nilitamani kumwambia kitu kingine. "Ilikuwepo," nikasema. "Kama angepimwa damu."

Aligeuka akatazama maji yakiingia mferejini. Okelo akamsogelea na kumshika bega. Halafu Ogola akasema hawezi kwenda Maseno peke yake, kwamba Awino hatamfungulia, na hata yeye mwenyewe asingejifungulia. Akaniomba twende pamoja.

Tulikwenda wiki iliyofuata. Awino alitoka nyumbani kwa kaka yake akakuta watu watatu wamesimama uani. Alikuwa amekonda. Hakutukaribisha ndani. Ogola alivua kofia akaishika mbele yake. Basi nikasema mimi: nzi, lori, homa, hadubini, sindano, mimi niliye hai na Peres aliyekufa. Nilimwambia kwamba hakuna mkono wa mtu ulioingia humo.

Awino hakulia wala hakumwangalia mumewe. Aliniangalia mimi.

"Mimi nilijua kwamba sikumuua," alisema. "Sihitaji kuambiwa. Lakini watoto wangu wanaitwa watoto wa mchawi tangu mvua ile hadi hii, na mdogo ameanza kuniuliza kama ni kweli. Kaa chini, Mwalimu. Waambie wao kwanza."

Akaingia ndani, akawaita kwa majina. Walikuja wanne, wakasimama mbele yangu kwa mstari, mdogo akiwa ameshika gauni la mama yake. Nilikaa chini kwenye majani ili macho yetu yalingane, nikawaambia jina langu, na nikaanza kuwaeleza jinsi mbung'o alivyo.